Bawa la Yak: mbao inaishia wapi, duralumini inaanzia wapi?

Chukudu_Himbi (Goma)

Jambo kwenu nyote. Natafuta watu wanaojua vizuri ndani ya ndege za kivita za Kisovieti za 1941 hadi 1945, hasa mabawa.

Karakana ya shule moja ya ufundi hapa Goma inatayarisha vipande viwili vya bawa vya kuonyesha wanafunzi wa useremala na wa mekanika. Kila kipande kitakuwa na urefu wa mita 1, na nusu ya upande wa juu itaachwa wazi ili mbavu na boriti zionekane. Cha kwanza ni cha mbao tupu kwa mtindo wa Yak-1. Cha pili ni mchanganyiko kwa mtindo wa Yak-9: boriti (zile mafundi wanaita lonjeroni) za aluminiamu, ngozi ya tripleksi (plaiwudi). Si nakala ya kipimo kwa kipimo. Tunataka namna ya ujenzi ionekane.

Kinachotusumbua ni maelezo ya kubandika ukutani. Rasimu inasema: "Wasovieti walitumia mbao kwa sababu hawakuwa na aluminiamu." Mimi naona sentensi hiyo haitoshi. Pe-2 ilikuwa ndege ya mabomu ya chuma tupu, yaani duralumini (aluminiamu iliyochanganywa na metali nyingine ili iwe ngumu), na wakatengeneza zaidi ya 11,000 vita vikiwa vinaendelea. Kwa hiyo aluminiamu ilikuwepo. Ilikuwa inakwenda wapi? Na kwa nini kwenye Yak-9 boriti ndizo zilizobadilishwa kuwa chuma, ngozi ikabaki mbao?

Pia kuna mwalimu anayesema kilo moja ya mbao ya msonobari ina nguvu kuliko kilo moja ya duralumini. Ni kweli?

La mwisho ni la mikono. Mbao gani ya huku kwetu inafaa, na gundi gani? Tuko karibu na ziwa, unyevu ni mwingi, na tripleksi ya dukani hubanduka. Hatutaki kipande kifunguke mbele ya wageni.

Seremala_Kadutu (Bukavu)

Chukudu, swali lako la kwanza lina majibu mawili ambayo watu huyachanganya: lile la kabla ya Juni 1941 na lile la baadaye.

Kabla ya vita, mbao ilikuwa uamuzi. Wahandisi walipopewa kazi ya ndege mpya za kuwinda mwaka 1939, walijua aluminiamu ya nchi ni chache na mabomu makubwa yatabebwa na ndege za chuma. Walijua pia misitu ipo, na maseremala wapo. Kiwanda namba 301 cha Khimki, alikozaliwa I-301 ambaye baadaye akaitwa LaGG-3, kilikuwa kwanza kiwanda cha samani. Fundi aliyekuwa anaunganisha kabati aliweza kufundishwa kuunganisha mbavu za bawa kwa muda mfupi kuliko kumfundisha mtu kupiga ribiti kwenye bati la duralumini bila kulikunja.

Baada ya Juni 1941 mambo yakawa ya lazima. Kiwanda cha aluminiamu cha Zaporozhye kilipotea kwa Wajerumani, mitambo iliyookolewa ikapakiwa kwenye treni kwenda mashariki. Kile cha Volkhov nacho kikawa karibu na mstari wa mapigano. Kikabaki kile cha Kamensk-Uralsky kubeba mzigo, hadi cha Novokuznetsk (wakati huo Stalinsk) kilipoanza mwaka 1943 na aluminiamu ya Marekani ilipoanza kufika kwa wingi. Chuma kilichopatikana kiligawiwa kwa kipaumbele. Pe-2 ya injini mbili, yenye mwendo mkali na mabomu, ilibuniwa kwa duralumini tangu mwanzo. Kuibadilisha kuwa mbao kungeiua. Injini zenyewe pia hula aluminiamu nyingi, jambo ambalo watu husahau.

Mfano mzuri wa upande wa pili ni Il-2, ndege ya kushambulia ardhini. Mbele yake palikuwa na ganda la chuma cha kinga cha karibu kilo 700, na hilo halikuguswa. Lakini nusu ya nyuma ya kiwiliwili ilikuwa ya mbao, na sehemu za nje za mabawa, ambazo mwanzoni zilikuwa za chuma, zikatengenezwa kwa mbao aluminiamu ilipopungua. Mikia ikaanza kuvunjika pale mbao inapokutana na ganda. Dawa iliyotumika ilikuwa kuongeza vipande virefu vya chuma kwa nje, vinavyoanzia kwenye ganda na kwenda nyuma, ili mzigo usiruke ghafla kutoka kitu kigumu hadi kitu laini. Baadaye mabawa yakarudi kuwa ya chuma. Ukiweka picha ya vipande vile ukutani, mwanafunzi ataelewa jambo moja kubwa: kiungo cha mbao na chuma ndicho sehemu ya hatari, kuliko mbao yenyewe na kuliko chuma chenyewe.

Sasa mbao-delta, kwa sababu mtu atawauliza. Ilitengenezwa kwa maganda membamba ya mti wa betula, unene wa karibu nusu milimita, yaliyoloweshwa kwenye rezini ya fenoli na fomaldehidi, yakapangwa na kukandamizwa kwa joto. Ukiishika haifanani na mbao: ina rangi ya kahawia iliyoiva, inang'aa, nzito. Betula ya kawaida ina gramu 0.65 hivi kwa sentimita ya ujazo; delta ina karibu 1.3, mara mbili. Haishiki moto kirahisi na haiozi. LaGG-3 iliitumia kwenye boriti na sehemu zenye mzigo mkubwa. Ila rezini ilitegemea malighafi ya kununua nje, ikiwemo Ujerumani. Vita vilipoanza njia hiyo ikafungwa, matumizi ya delta yakapunguzwa, na sehemu nyingi zikarudi kwenye msonobari na betula ya kawaida, ambazo zinahitaji kuwa nene zaidi. Ndiyo maana ndege ikawa nzito. LaGG-3 ilipaa na zaidi ya kilo 3,200, wakati Yak-1 yenye injini ya ukoo huohuo wa M-105 ilikuwa karibu kilo 2,900. Tofauti ya kilo 300 kwenye injini ya nguvu-farasi 1,050 ni kubwa mno, rubani anaisikia kila anapovuta usukani kupanda.

Hapa pia tuwe waangalifu. Yak-1 haikuwa "ndege ya mbao" kama LaGG. Kiwiliwili chake kilikuwa kiunzi cha mabomba ya feleji (chuma kigumu) yaliyolehemiwa, mbele kimefunikwa na bati la duralumini, nyuma tripleksi na kitambaa. Bawa ndilo lililokuwa la mbao, tena kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, mita 10, bila kiungo katikati. Hiyo ilipunguza uzito wa vyuma vya kuunganishia, lakini bawa likiharibika upande mmoja unalishusha lote. Andikeni hivyo kwenye maelezo: Yak-1 ni mchanganyiko tayari, Yak-9 ni mchanganyiko uliosogezwa hatua moja.

Kamalondo_Duralumini (Lubumbashi)

Seremala amesema vizuri upande wa historia. Nijibu la nguvu, maana hapo mwalimu wenu yuko nusu sahihi, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya.

Chukua msonobari mkavu, uuvute kwa kufuata nyuzi. Utakatika kwa karibu kilo 10 kwa kila milimita ya mraba. Uzito wake ni gramu 0.5 kwa sentimita ya ujazo. Gawa: 20. Duralumini hukatika kwa karibu kilo 43, uzito 2.8: unapata 15. Feleji ya kromu, manganizi na silikoni iliyotumika kwenye mabomba ya kiunzi hufika karibu 110 ikipashwa moto vizuri na kuzimwa kwenye mafuta, uzito 7.85: unapata 14. Kwa hesabu hiyo msonobari unawashinda wote. Mwalimu anasimama hapo.

Lakini bawa halivutwi tu. Ndege inapojipinda kwa nguvu, upande wa chini wa boriti unavutwa na wa juu unakandamizwa. Msonobari ukikandamizwa kwa kufuata nyuzi unajikunja kwa karibu kilo 4.5 tu. Ukigawa unapata 9. Duralumini ikikandamizwa inaanza kulegea kwenye kilo 28 hivi. Ukigawa unapata 10. Faida yote imekwisha. Jaribio la kuwaonyesha wanafunzi ni rahisi: chukua kijiti cha mbao laini yenye nyuzi zilizonyooka, ukikunje polepole sana. Upande wa ndani unafanya makunyanzi madogo ya kukatisha nyuzi kabla upande wa nje haujachanika. Kijiti kimeshakufa hapo, hata kama bado hakijalia.

Jambo la pili ni nafasi, na hili ndilo jibu la kwa nini boriti zilitangulia. Nipe mfano wa hesabu (si vipimo vya Yak, ni mfano). Bawa lina kina cha sentimita 12 mahali fulani. Pau ya juu ya boriti ni duralumini ya milimita 20 kwa 15, eneo 300. Kwa kukandamizwa inabeba 300 mara 28, yaani kilo 8,400. Msonobari wa kubeba kiasi hicho unahitaji eneo la milimita za mraba 1,870 hivi, tuseme pau ya 40 kwa 47. Weka mbili, juu na chini: zinakula sentimita 9.4 kati ya 12. Hakuna nafasi tena ya tangi wala ya bomba. Na bado: nguvu ya boriti inategemea umbali kati ya katikati ya pau ya juu na ya chini. Kwa duralumini umbali huo ni sentimita 10.5, kwa msonobari ni 7.3. Mzigo uleule wa kupinda sasa unazisukuma pau za mbao kwa nguvu zaidi ya asilimia 40, kwa hiyo inabidi ziongezwe unene tena, na umbali unapungua tena. Kwenye bawa nene la ndege ya polepole kama Po-2 tatizo hili halionekani. Kwenye bawa jembamba la ndege ya mwendo mkali linakukaba koo.

Ngozi ni kinyume chake. Ngozi inataka unene ili isikunjamane. Tripleksi ya milimita 3 ina uzito sawa na bati la duralumini la karibu milimita 0.7. Bati jembamba hivyo hujikunja kati ya mbavu hewa inapolisukuma, inabidi liongezwe vipande vya kulisimamisha na safu za ribiti. Tripleksi inasimama yenyewe, laini, bila vichwa vya ribiti. Kwa hiyo ukiwa na duralumini kidogo na unataka ikulipe zaidi, iweke kwenye pau za boriti, ngozi iache mbao. Ndivyo walivyofanya kwenye Yak-9.

Matunda yake yalionekana kwenye matangi. Yak-9 ya kawaida ilibeba lita 440 hivi za mafuta katika matangi mawili. Yak-9D, bawa la eneo lilelile la mita za mraba 17.15, ilibeba lita 650 hivi katika matangi manne. Kwa La-7, ndege ya kuwinda iliyotokana na La-5, kubadilisha boriti za mbao za La-5 kuwa za chuma kulipunguza karibu kilo 100.

Ila msiandike ukutani kwamba chuma kilimaliza matatizo. Mwishoni mwa 1944 mabawa ya La-7 kadhaa yalivunjika angani, ndege hizo zikazuiwa kuruka, na kosa likapatikana kwenye boriti hizohizo mpya za chuma. Mbao ikikosewa huchubuka na kulia mapema. Chuma kilichotobolewa vibaya kinaonekana kizima, ufa unaanzia kwenye ukingo wa tundu, unatembea kimyakimya.

Nyiragongo_Angani (Goma)

Nyongeza mbili fupi. Ule utani wa Kirusi kwamba herufi za LaGG maana yake ni "jeneza lililopakwa vanishi, lenye dhamana", msiuweke ukutani kama ushahidi wa kiufundi. LaGG-3 zaidi ya 6,500 zilitengenezwa, na mwili wake wa mbao ulistahimili risasi vizuri. Udhaifu wake ulikuwa uzito kwa injini ile. Ilipopewa injini ya M-82 ya duara ikawa La-5, mwili ukiwa karibu uleule wa mbao, na ikapigana vizuri.

La pili: wageni wenu wengi watakuwa wanasoma Kifaransa. Kikosi cha Wafaransa cha Normandie-Niemen kiliruka Yak-1, Yak-9 na Yak-3 kutoka 1943, kikarudi Ufaransa mwaka 1945 na ndege za Yak-3. Yak-3 nayo ilikuwa na boriti za duralumini chini ya ngozi ya tripleksi, ikiwa na bawa dogo zaidi, mita za mraba 14.85. Kipande chenu cha pili kinawakilisha hiyo pia.

Chukudu_Himbi (Goma)

Asanteni sana. Kaka wa Lubumbashi, mfano wa pau za 12 cm tutauchora ukutani kwa kipimo halisi, ndio hasa tulioukosa.

Yaya Seremala, bado nasubiri la mbao na gundi. Na nimesikia kuna wakati ngozi za Yak-9 zilibanduka zote kwa pamoja kabla ya vita vya Kursk, 1943. Ni gundi au ni rangi?

Seremala_Kadutu (Bukavu)

Ni rangi kwanza, gundi ikafuata. Juu ya tripleksi ya bawa walibandika kitambaa chembamba, kisha rangi ya nitro. Kitambaa na rangi ndivyo koti la mvua la bawa. Mwaka 1943 kiwanda kimoja cha kemikali kilianza kutumia malighafi mbadala kwenye rangi, na rangi hiyo haikustahimili jua na mvua. Ndege zikakaa nje, rangi ikapasuka nyufa ndogondogo, maji yakaingia chini ya kitambaa, kitambaa kikaanza kuinuka. Ukiruka kwa kasi, upepo unaingia chini ya ukingo ulioinuka na kuchana shuka zima. Mwanzoni mwa Juni 1943 Stalin aliwaita Yakovlev, mbunifu wa ndege za Yak, na Dementyev, naibu kamishna wa viwanda vya ndege, akiwa na vipande vya ngozi mezani. Ndege mamia zilikuwa haziwezi kupigana na vita vya Kursk vilikuwa karibu. Vilianza tarehe 5 Julai. Timu za mafundi zikatumwa viwanjani, wakachubua, wakabandika upya na kupaka upya kwa wiki mbili tatu.

Na msidhani ni udhaifu wa Wasovieti peke yao. Mosquito ya Waingereza, nayo ya mbao, ilisimamishwa kuruka huko India na Burma mwishoni mwa 1944 baada ya mabawa kuvunjika, na uchunguzi ukafika kwenye viungo vya gundi ambavyo havikushikana sawasawa. Hali ya hewa ya joto na unyevu ilimaliza kilichoanzishwa kiwandani.

Sasa mikono.

Mbao. Msitumie mkaratusi. Unafaa kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) kwa sababu chukudu inataka uzito na ugumu. Kwenye vipande vyembamba unajipinda na kupasuka ukikauka. Tafuteni sipresi ya milimani au msonobari wa kupandwa, isiyo na vifundo kabisa kwenye pau za boriti. Nyuzi zisiteleze zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu. Jicho linadanganywa na mistari ya pete za mti, kwa hiyo pima hivi: dondosha tone la wino kwenye uso uliopigwa randa, au kokota ncha ya sindano iliyofungwa kwenye kijiti bila kuilazimisha. Wino na sindano vitafuata nyuzi zenyewe. Ubao ukikataa kipimo hiki, ufanyeni ubavu au urudishwe.

Unyevu. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, maana mwisho hukauka mapema. Kipime: tuseme gramu 200. Kiweke kwenye ofeni ya digrii 100 hivi mpaka uzito usipungue tena: tuseme 175. Toa, gawa kwa 175: asilimia 14.3. Bado. Mnataka kati ya 8 na 12. Zaidi ya 15 msiguse gundi. Kausheni ndani, hewa ikipita, vipande vikitenganishwa kwa vijiti, na mbao zote mbili za kiungo kimoja ziwe zimekaa chumba kimoja. Ukiunganisha kavu na mbichi, mbichi itasinyaa baadaye na kuchana kiungo chenyewe.

Pau. Msichonge pau moja nene. Gundisheni vipande vinne vya milimita 10, ncha ya kimoja ikigeuzwa kinyume cha kingine ili mipindo iuane. Mkikosa urefu, unganisheni kwa mshazari wa 1 kwa 12: unene milimita 10, mshazari milimita 120. Piga kwa randa kali na usimalize kwa msasa. Vumbi la msasa huziba matundu ya mbao na kingo huwa mviringo, gundi haipati pa kushika. Ukishapiga randa, gundisha siku hiyohiyo.

Gundi. Kwa maonyesho gundi nyeupe ya maseremala inatosha kwa kipande cha pili. Kwa kipande cha kwanza nawasihi mtumie kasini (gundi ya maziwa), maana ndiyo iliyojenga ndege za mbao za zamani, na Goma mna maziwa ya Masisi karibu. Maziwa yaondolewe mafuta kabisa; mafuta yakibaki gundi haishiki. Gandisha kwa siki, osha donge kwa maji mara tatu au nne, kamua, kausha, saga. Loweka gramu 100 za unga huo kwenye gramu 200 hadi 250 za maji kwa nusu saa, kisha ongeza gramu 20 hadi 30 za chokaa iliyozimwa, iliyokorogwa kwenye maji kidogo. Koroga polepole usiingize mapovu. Mwanzo itakuwa na madonge mazito, baadaye italainika kama uji. Inatumika kwa saa chache tu. Ikianza kuwa kama jeli, tupa, usiongeze maji. Udhaifu wake ni ukungu: mahali penye unyevu wa kudumu kasini huliwa. Ndiyo sababu viwanda vya Kisovieti vilihamia gundi ya rezini ya fenoli, VIAM-B3, ambayo haijali maji. Hiyo nayo iligandishwa kwa asidi, na asidi ikizidi hula nyuzi za mbao pembeni ya kiungo. Msijaribu kuitengeneza karakanani, mvuke wake ni sumu.

Bano. Kaza mpaka shanga ndogo za gundi zitokee kwa usawa mstari mzima. Pasipotokea shanga, gundi ni kidogo. Ikimwagika kama mto, umekaza mno na kiungo kimebaki na njaa. Ngozi ibanwe kwa vijiti na misumari midogo kila sentimita 3 au 4, ing'olewe gundi ikishakauka.

Tripleksi. Kabla ya kununua shuka, omba kipande cha kiganja na ukichemshe saa nzima. Kikifunguka tabaka, ni cha ndani ya nyumba, usikitumie. Shuka likatwe ili nyuzi za nje zikae kwa pembe ya digrii 45 na boriti. Hapo ndipo ngozi inapozuia bawa kujisokota.

Kosa la mwisho ambalo karibu kila karakana hufanya: kupaka vanishi ndani ya kisanduku chote kabla ya kufunga. Vanishi ni lazima, lakini mistari ya gundi ifunikwe kwa karatasi kwanza, la sivyo mtagundisha vanishi na si mbao. Na toboeni tundu la milimita 5 sehemu ya chini kabisa ya kila chumba kati ya mbavu. Maji yatakuja tu, yapeni mlango.

Kamalondo_Duralumini (Lubumbashi)

Kwa kipande cha pili: aluminiamu ya madirisha mnayopata madukani si duralumini. Ni laini, nguvu yake ni chini ya nusu. Iandikeni wazi kwenye kibao ili mwanafunzi asidanganyike na unene wake.

Ribiti za milimita 4: kutoka ukingo wa bati hadi katikati ya tundu msipungue milimita 8, na kati ya tundu na tundu msipungue 12. Kila tundu lisafishwe ukingo kwa mkono kwa kuzungusha ncha kubwa zaidi ya kutobolea mara moja au mbili, kwa sababu ile niliyoeleza ya La-7.

Mbao ikigusa aluminiamu, pakeni rangi ya msingi kwenye chuma kwanza na vanishi kwenye mbao, vyote vikauke, ndipo mkutanishe. Mbao yenye unyevu hula aluminiamu polepole, inatoa unga mweupe. Tundu za skrubu kwenye tripleksi ziwe kubwa kwa nusu milimita kuliko skrubu: mvua ya Goma itavimbisha mbao, chuma hakitavimba nayo, na bila nafasi hiyo ngozi itafanya mawimbi kati ya mbavu. Skrubu ziwe na dawa ya zinki, chuma kitupu hapana.